Ushahidi wa Fundi Seremala

Majirani walianza kumwita Profesa hata kamati ya kupandisha vyeo haijakaa. Ndivyo watu walivyo: wakikupenda wanakuvisha kilemba cha ukoka mapema, kikinyauka wanakuachia kichwa chako. Mwenyewe alikuwa akiwakataza, "Jamani, bado, ngojeni Jumanne ipite," lakini aliwakataza huku anacheka, na mumewe, aliyekuwa akiranda mbao barazani, alicheka pia. Mume huyo alikuwa seremala. Mtaa mzima wa nyumba za chuo ulimwita Fundi, ukamwita mkewe Daktari, na haukuwahi kuacha kushangaa wawili hao walikutania wapi hata wakaoana.

Jumamosi ile asubuhi Daktari alitoka ndani ameshika karatasi moja. Hakuwa anacheka.

"Baba Chiriku, acha hiyo randa. Twende chuoni."

"Leo? Si Jumamosi?"

"Ndiyo maana nikasema leo."

Fundi alimtazama usoni, akaweka randa chini. Miaka thelathini na miwili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mke wake akisema maneno machache, yaliyobaki ni mazito. Alinawa mikono, akavaa shati lenye kola, wakaondoka.

Getini mlinzi alimpigia Daktari saluti, kisha akamnyooshea Fundi mkono wa kumzuia. "Na huyu mzee?"

"Mume wangu."

"Ana kitambulisho cha chuo?"

"Anaishi nyumba ya chuo mwaka wa kumi na tisa huu. Kila siku unampita pale barazani."

"Nyumba ni nyumba, Daktari, na geti ni geti. Aandike kwenye daftari la wageni."

Fundi aliandika. Penye sababu ya ziara alifikiri kidogo, akaandika "mbao". Mlinzi akaridhika kabisa.

Katika ukumbi wa idara ya fizikia kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kilisimama kitu alichokiunda Fundi kwa mikono yake: vigololi vya mbao mia na kitu, vyekundu, vya kijivu na vyeupe, vimeunganishwa kwa vijiti, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wageni wote wa idara walipigwa picha mbele yake. Ilikuwa ni fuwele ya Daktari, yaani mpangilio wa atomu za chumvi usioonekana kwa macho, umekuzwa ukawa wa kushikika. Maana kazi ya Daktari ilikuwa hiyo. Alikuwa akichukua chumvi na maji, akayaweka kwenye sanduku la baridi kali miezi na miezi, mpaka yatoe fuwele ndogo kama punje ya sukari. Kisha aliipiga kwa eksirei, na kutokana na madoa yaliyotokea alikokotoa kila atomu imekaa wapi.

Chumvi hiyo haikai penye joto. Lakini huko mbali kuna mwezi unaoizunguka sayari kubwa, mwezi uliofunikwa barafu tupu, na vyombo vya anga vilivyopita karibu yake vimeona dalili za chumvi hiyohiyo katika nyufa za barafu. Sasa Daktari alikuwa amegundua jambo ambalo liliwafanya watu wa nchi za mbali walijue jina lake. Alisema fuwele ile haina kitovu, yaani haiwezekani kutia kidole katikati yake ukasema kila kilicho upande huu kina mwenzake upande ule. Na fuwele isiyo na kitovu ukiibana hutoa umeme. Hata kile kiwashio cha jiko la gesi kinachotoa cheche ukikibonyeza, ndani yake mna fuwele ya namna hiyo. Sayari kubwa huuvuta mwezi wake na kuubana kila unapouzunguka, kwa hiyo, alisema Daktari, barafu ile yote itakuwa inatoa umeme mdogomdogo, na umeme huo unaweza kusikika. Watu wakamwamini. Walikuwa wakiandaa chombo cha kwenda huko, na ndani yake walikuwa wametenga nafasi kwa kijichombo cha kuusikiliza.

"Fungua kabati," Daktari alisema. Akangoja mpaka Fundi amefungua. "Kile kigezo chako cha plaiwudi ulikitupa?"

Fundi aliacha mkono kwenye mlango wa kabati. Kumbe anakumbuka!

Miaka kumi na mitatu nyuma, alipokuwa akiunda kitu hiki, alikata kigezo cha plaiwudi kwa ajili ya nusu ya kushoto. Siku moja, kwa uvivu tu wa fundi anayetaka kumaliza, alikigeuza akakiweka kwenye nusu ya kulia. Kikakaa sawasawa. Akaenda kumwambia mkewe: "Mama Chiriku, hizi nusu mbili ni kitu kimoja kimegeuzwa, kama bawa la mlango la kushoto na la kulia." Mkewe alicheka, akamwonyesha hesabu: kijiti hiki kinamzidi mwenzake milimita tatu, hiki mbili, hiki nne. "Wewe una macho, Fundi, mimi nina mashine." Naye akaona kweli, mwenye kazi yake ndiye aijuaye. Akakiweka kigezo kando, akakata vijiti kwa hesabu za mkewe.

"Nilikitupa zamani," alijibu sasa. Halafu, kwa kuwa aliona uso wa mkewe, akaongeza haraka, "Tena mbao hizi zimekunywa unyevu, zimepinda. Mbao haiaminiki, mama."

"Sijakuuliza habari za unyevu."

Daktari akamsomea ile karatasi. Ilikuwa barua kutoka kwa Miwani, mwanafunzi wake wa zamani, yule mwembamba aliyekula chakula nyumbani kwao miaka mitatu na sasa anafundisha ng'ambo. Miwani alikuwa amechukua vipimo vya zamani vya mwalimu wake ili awafundishie wanafunzi, akavitia kwenye programu mpya ya kompyuta, na programu ikasema: kitovu kipo. Zile milimita tatu, zile mbili na nne, hazikuwa za fuwele. Zilitokana na hesabu yenyewe. Ukiilazimisha kutenganisha vitu viwili ambavyo ni kimoja, inatapatapa na kuzua tofauti. Lilikuwa kosa linalojulikana katika kazi yao, na limewapata wakubwa. Miwani aliandika kwa adabu zote, shikamoo mwanzo na shikamoo mwisho. Alisema orodha ya vitakavyopanda kwenye kile chombo inafungwa Ijumaa saa sita mchana kwa saa za huku nyumbani, na kwamba angependa mwalimu wake aandike masahihisho mwenyewe, si yeye.

"Nimerudia hesabu usiku kucha," Daktari alisema. "Nimemjibu alfajiri. Nimemwandikia: uko sahihi, asante."

Alikaa kwenye benchi la wanafunzi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya darasani, na Fundi hakuwa amezoea kumwona amekaa namna ile, mikono imelala mapajani.

"Miaka kumi na mitatu nasimama mbele ya watoto wa watu nawaambia haina kitovu. Na wewe uliniambia. Wewe na kipande cha plaiwudi."

Fundi alitamani angekuwa amenyamaza siku ile. Aliona kama kwamba kusema kweli miaka kumi na mitatu iliyopita lilikuwa tusi alilomtukana mkewe, nalo limechukua muda wote huo kufika.

*

Nyumbani, binti yao alipoelezwa, hakupoteza muda kuuliza habari za vitovu. Aliitwa Chiriku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo wake, na tangu ndoa yake ivunjike alikuwa amerudi kwa wazazi na watoto wawili. Wote watano walikula mshahara wa Daktari, maana mgongo wa Fundi ulikuwa umeshakataa kazi kubwa, na siku hizi alitengeneza viti vya jikoni na kurekebisha droo za majirani.

"Mama, tuelewane," Chiriku alisema. "Unafikisha sitini baada ya miezi mingapi?"

"Minne."

"Mhadhiri anastaafu na sitini. Profesa?"

"Sitini na mitano."

"Na nyumba hii ni ya nani?"

Daktari aliikunja ile barua, na Chiriku akajijibu mwenyewe.

"Ni ya mtu mwenye kazi. Sasa mama yangu, mimi sisemi udanganye. Nani kasema udanganye? Nasema Jumanne iende kwanza. Jumatano andika unachotaka, waandikie mpaka hao wa mwezini."

"Karatasi niliyochapisha juu ya fuwele ndiyo iliyobeba maombi yangu ya cheo. Nikiitoa, alama hazitoshi."

"Ndiyo maana usiitoe Jumatatu."

"Wataniuliza juu yake."

"Watakuuliza! Wamekaa kuhesabu karatasi, hakuna atakayekuuliza. Baba, sema basi. Umekaa kama umemwagiwa maji."

Fundi aliwaangalia wajukuu wake waliokuwa wakigombea penseli sakafuni. Aliijua nyumba hii ubao kwa ubao. Milango yote minane alikuwa ameitengeneza yeye. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema hatimaye. "Jumanne ipite, Mama Chiriku. Ni siku tatu tu. Uongo wa siku tatu si uongo, ni kuchelewa."

Daktari alimgeukia mumewe. "Hayo maneno umeyatunga wewe au umeyasikia mahali?"

"Nimeyatunga."

"Yanaonekana," alisema, akainuka kwenda kupika chai, na hakuna aliyejua ameamua nini. Pengine hata mwenyewe hakujua.

Jumapili mchana, Daktari alipolala, Fundi alichukua simu akatoka nje nyuma ya nyumba. Alikuwa hajawahi kumpigia mtu wa ng'ambo. Simu ilipopokelewa alisahau hata kujitambulisha.

"Miwani, mwanangu."

"Baba! Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikiliza. Ile habari ya mama yako. Usimtangulie."

"Siwezi kumtangulia, baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuishika fuwele, nikawa naivunja naivunja. Nimvue nguo hadharani?"

"Hata ikifika Ijumaa?"

"Ijumaa, baba, wanafunga orodha. Kile kijichombo kina kilo mbili na ushei. Kikipanda, kuna kingine chenye maana kitaachwa chini. Mama anajua."

"Nakuomba lakini." Sauti yake ilimtoka ndogo, naye alijisikia aibu, mzee mwenye wajukuu anamlilia kijana aliyekuwa akimkatia mkate. "Nakuomba kama baba yako."

"Basi baba. Neno langu halitatoka kabla ya lake. Nimekuahidi."

Fundi alishukuru mara nne, akakata simu. Hakumwambia mtu. Alijiona amefanya jambo la maana sana kwa ajili ya familia yake.

*

Jumanne kamati ilitaka kila mwombaji aje na mfano wa kazi yake, kwa hiyo Fundi na Daktari waliibeba fuwele ya mbao kutoka idarani hadi jengo la utawala, yeye nyuma mkewe mbele, kama watu wanaohamisha kitanda. Karani aliwaweka kwenye korido kwa muda wa saa mbili na nusu. Kiti kilikuwa kimoja, wakawa wanapokezana. Waombaji wawili waliofika nyuma yao waliingia wakatoka. Mmoja alikuwa mpwa wa mtu, alisema karani bila kuficha, na mwingine ana ndege saa nane.

Walipoitwa, Fundi aliingia kwanza na sehemu nzito. Mwenyekiti, mtaalamu wa biashara mwenye tai pana, aliinuka akampa mkono kwa furaha.

"Karibu, Daktari! Tumesikia habari zako. Huyu mama msaidizi wako atakaa wapi?"

"Daktari ni huyu," Fundi alisema. "Mimi ni seremala."

Watu watano mezani walicheka sana. Daktari naye alicheka kidogo, kama inavyobidi. Mwenyekiti aliomba radhi, akasema siku hizi mambo yamebadilika, ni jambo jema, na Fundi akaruhusiwa kukaa karibu na mlango, ili baadaye aitoe ile mbao.

Mambo yalianza vizuri. Walihesabu karatasi zake, wakaweka alama za kufundisha, alama za kusimamia wanafunzi, alama za kuhudumia jamii. Mzee mmoja wa lugha alisema fuwele ni neno tamu. Hakuna aliyeuliza lolote juu ya karatasi yenyewe, na Fundi pale mlangoni alianza kumshukuru Mungu kimyakimya. Chiriku alikuwa kasema kweli.

Ndipo Mwenyekiti akafunga faili, akasema kwa uungwana tu, "Kazi nzuri, Daktari. Una neno la mwisho?"

"Ninalo," Daktari alisema. Aliinuka. "Karatasi ile kubwa, ile ya kwanza kwenye orodha. Ninayo mashaka nayo. Tulisema fuwele hii haina kitovu, na sasa naona..."

Alisita. Fundi aliiona shingo ya mkewe kwa nyuma, jasho limeiotea, na aliijua sentensi inayokuja.

"Mashaka ya aina gani?" aliuliza mwanamke wa sheria aliyekaa pembeni, kalamu ikasimama. "Ina makosa?"

"Aa, jamani!" Mwenyekiti aliinua mikono miwili. "Wasomi mna shida. Kila mwombaji akifika mwisho anajitia unyenyekevu. Ngojeni tumwulize aliyeijenga. Fundi! Wewe umeiunda hii fuwele kijiti kwa kijiti. Iko sawa haiko sawa?"

Alikuwa anatania. Wote walijua anatania. Mzee wa lugha alikuwa ameshaanza kucheka. Lakini mwanamke wa sheria alikuwa bado ameshika kalamu, na Daktari alikuwa amegeuka anamtazama mumewe, na chumba chote kikamgeukia mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza swali la maana katika jengo lile.

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema, mimi fundi tu, mwulizeni mwenyewe. Aliwafikiria wajukuu na ile milango minane.

"Iko sawa kabisa, waheshimiwa," Fundi alisema. "Nimeipima mwenyewe."

Waliangua kicheko. Mzee wa lugha alipiga meza. "Mnaona? Fundi kamaliza!" Mwenyekiti alisema liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kazi imethibitishwa na seremala, na karani, kwa kuwa naye alikuwa anacheka, akaandika kweli. Kisha wakamsogezea Daktari fomu ya tamko, ile ambayo mwombaji anasaini kwamba yote aliyowasilisha ni ya kweli kadiri ajuavyo.

Daktari alikuwa bado amesimama. Fundi alingoja aseme. Baadaye, kila alipoukumbuka wakati ule, alikuwa na hakika kwamba mkewe angesema, alifungua kinywa. Lakini angesema nini sasa? Kwamba mume wangu mwongo? Aliinama, akasaini.

Walirudi wameibeba fuwele, yeye nyuma mkewe mbele. Wakafika kwenye ngazi za idara.

"Umenifunga mdomo," Daktari alisema bila kugeuka.

"Nimekuokoa."

"Nilikuwa nimeshafika katikati ya neno, Baba Chiriku. Nimekesha siku tatu kulitafuta hilo neno."

*

Jumatano barua ya cheo ilikuwa mtaani kabla haijafika nyumbani. Majirani walikuja kupeana mikono barazani. Chiriku aliwapokea wageni, akacheka, akalia, akacheka tena. Profesa alikaa katikati yao akiitikia.

Jioni ile alikaa mezani kuandika masahihisho yake. Fundi alimwona anaandika mistari miwili, anafuta, anaandika. Chiriku alikuja na kitabu cha kanuni za watumishi, kile kilichokuja pamoja na barua, akakiweka mbele ya mama yake, kidole kwenye mstari. Safari hii hakuongea sana.

"Soma hapa, mama. Anayepata cheo kwa tamko la uongo anafukuzwa, na kiinua mgongo anapoteza. Chote. Cha miaka yote thelathini na kitu."

"Haikuwa uongo. Lilikuwa kosa."

"Mpaka Ijumaa iliyopita lilikuwa kosa. Jumamosi alfajiri ulimwandikia Miwani kwamba yuko sahihi. Tarehe ipo. Jumanne ukasaini." Chiriku alikifunga kile kitabu. "Na baba yupo kwenye kumbukumbu."

Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni alielewa taratibu, kama mtu anayehesabu kwa vidole. Jumatatu ukweli ungewagharimu cheo na nyumba. Leo ungewagharimu cheo, nyumba na uzee wao wote. Na haijalishi utoke kwa nani, kwa Daktari au kwa Miwani. Ukitoka tu, mtu atauliza ulijua lini. Tofauti kati ya siku hizo mbili ilikuwa maneno yake mwenyewe. Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa haina hata pa kugeuzia.

Asubuhi ya Alhamisi alivaa lile shati la kola. "Naenda kuwaambia nilidanganya mimi," alimwambia mkewe. "Niseme ulikuwa unataka kusema, nikakukatiza. Walikuona. Yule mama wa sheria alikuona."

Daktari hakumzuia wala hakumhimiza. "Nenda," alisema.

Mlinzi alimtaka aandike kwenye daftari la wageni. Karani alimtaka asubiri. Alisubiri kwenye kile kiti kimoja tangu saa tatu mpaka saa saba kasoro, na Mwenyekiti alipotoka kwenda kula alimkuta amesimama njiani, kofia mkononi.

"Fundi wetu! Umekuja kuleta bili ya mbao?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimekuja kusema juu ya Jumanne. Ile fuwele haiko sawa. Nilisema iko sawa, nikadanganya. Mke wangu alikuwa anataka kuwaambia ukweli nikamkatiza."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma Fundi zaidi. "Haiko sawa kivipi, mzee wangu?"

"Ina kitovu. Upande huu na ule ni kimoja kimegeuzwa. Kigezo kinakaa pande zote mbili."

"Kigezo cha nini?"

"Cha plaiwudi."

Karani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mwenyekiti alimshika Fundi begani, akatembea naye hatua mbili tatu kuelekea ngazi.

"Mzee wangu, usijitaabishe. Ile ni fizikia. Imepita kwa wataalamu wa dunia nzima, imechapishwa, imehesabiwa. Leo nije niirudishe kamati kwa sababu ya plaiwudi? Wewe ulichonga mbao, ukachonga vizuri. Mambo mengine waachie wenyewe."

"Jumanne mliniuliza mimi. Mkaandika."

"Ule ulikuwa utani, Fundi! Tulikuwa tunacheka." Na kweli alicheka tena, kwa kukumbuka. "Kumbukumbu zimeshasainiwa. Mpelekee Profesa salamu zetu."

Fundi alibaki pale kwenye ngazi. Hasira ilimpanda, kisha ikamwishia kabla hajajua amkasirikie nani. Neno lake la uongo lilikuwa limetosha kufunga shauri zima kwa pumzi moja, na neno lake la kweli lilikuwa halitoshi hata kumchelewesha mtu chakula.

*

Ijumaa Chiriku aliwapeleka watoto shule, akaenda kutafuta mapazia ya sebule, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa yao miaka mitano na mapazia ya zamani yalikuwa aibu. Daktari alikaa mezani. Barua ya kwenda kwa wale wa chombo ilikuwa mbele yake kwenye kompyuta, imekamilika, mistari kumi na mmoja. Fundi alikaa kitini mkabala naye. Hakuwa ameranda ubao hata mmoja tangu Jumanne.

"Nipeleke?" Daktari aliuliza saa tano na nusu.

Alimwuliza kweli, akitaka jibu. Fundi alifikiri. Alijua neno lolote atakalosema litakuwa la tatu, na mawili ya kwanza, la Jumanne na la Alhamisi, yalikuwa yameshawafikisha hapa.

"Sijui," alisema.

"Na mimi sijui."

Saa sita ilifika wakiwa wamekaa. Haikuja na kishindo chochote, wala na neno kutoka kwa Miwani. Redio ya jirani ilisoma vichwa vya habari, mtoto wa mtu akaitwa akale. Daktari alingoja dakika kumi zaidi, kana kwamba huko mbali huenda wangechelewa kidogo, kisha akafunga kompyuta.

"Safari yenyewe ni miaka minane," alisema. "Nitakuwa nimeshastaafu. Watafika, watasikiliza, hawatasikia kitu."

"Watajua basi. Watajua umekosea, kama watu wanavyokosea."

"Hapana. Hesabu zangu zimechapishwa, si unajua? Hawataanza kwangu." Alikuwa akilia sasa, bila sauti, machozi yanamshuka tu na yeye anaongea. "Watasema kijichombo ndicho kibovu. Kuna fundi mahali, Baba Chiriku, mtu wa mikono kama wewe. Wakati huu amekaa anakiunga waya kwa waya, anakipima, anakipima tena. Kazi yake iko sawa kabisa. Na yeye ndiye watakayemwita wamwulize alikosea wapi."

Fundi alitaka kumshika mkono. Mkono wake ulifika katikati ya meza, ukaishia hapo.

"Atawaambia iko sawa," alisema.

"Atawaambia," Daktari alijibu, "na hawatamsikiliza."